Hesabu ya Siki

Mitungi kumi na minne ya achari ya embe
ilifanya ukungu siku tisa kabla ya harusi ya kina Mzamili.
Mama alifunua wa kwanza, akanusa, akafunika.
Wa pili hakuufunua.
"Siki," akasema. "Shekuwe ameniuzia mai."

Shekuwe wa Langoni akaapa, mkono juu ya mizani yake,
akatoa na chupa nyingine, lakiri haijavunjwa:
"Mpe binti yako. Si yeye aoshaye vyombo vya maabara?
Na apime."

Ndiyo, mimi ndiye nioshaye vyombo.
Mwaka wa sita huu. Naijua bureti ivujayo kokini,
pipeti iliyomeguka mdomo,
na ufunguo wa kabati la asidi
hulala mfukoni mwangu pamoja na tasbihi.

Jumamosi, shule tupu.
Punda wa mtu uani, akitafuna karatasi za mtihani.
Nikaizimua siki ya mama, sehemu moja kwa kumi,
nikachota sentimita ishirini na tano,
nikatia kiashiria matone mawili.
Hakuna rangi. Asidi haisemi mpaka iulizwe.

Ndani ya bureti, magadi makali:
moja ya kumi ya moli kwa kila lita.
Nikalegeza koki.
Waridi likaja, nikatikisa, likaondoka,
likaja tena, likakawia
kama mgeni aliyekwisha aga na bado ana neno.
Kisha mkono ukazidi,
chupa nzima ikawa rangi ya leso mpya.
Kumi na tatu. Nikamwaga.

Mara ya pili nilikwenda tone kwa tone,
pumzi nimeizuia,
mpaka tone moja lililoning'inia, likasita, likaanguka
likageuza yote rangi ya ukucha wa mtoto mchanga.
Ikabaki.
Kumi na moja nukta mbili.
Ya tatu, vivyo hivyo.
Chini ya chupa hapakuwa tena na mkali:
chumvi tu, na maji.

Mwalimu Famau, kabla hajastaafu,
alitukaririsha hivi, chaki imemjaa nyusini:

Tone la mwisho lishike, uzidishe kwa magadi,
kisha jibu ligawike, kwa ya asidi idadi,
kilichofichwa kitoke, hata kikiwa hasidi;
hesabu haina ndugu, wala haina jirani.

Kumi na moja nukta mbili mara moja ya kumi,
gawa kwa ishirini na tano,
rudisha ile kumi ya kuzimua:
sifuri nukta nne nne nane.

Nikasuuza vyombo. Nikavunja lakiri ya Shekuwe.
Bureti ikashuka, ikashuka, nikadhani koki imeharibika.
Ishirini nukta nane.
Sifuri nukta nane tatu mbili.

Siki ya Shekuwe ilikuwa siki.
Maji yaliingia kati ya Langoni na jiko letu,
na kati ya Langoni na jiko letu
hapakupita mtu ila mimi na kikapu.
Chupa tatu. Nilizibeba mwenyewe,
mwezi ule wa ada ya Somoe,
na sikuuliza chupa tatu
zitatoshaje mitungi kumi na minne.
Hesabu hiyo haikutaka bureti.

Nilimkuta kibarazani anamenya embe mpya.
"Wasemaje?"
Nilikuwa na uongo tayari, njiani niliutengeneza vizuri:
embe za mwaka huu zina maji mengi.
Nikaisoma karatasi.
"Yetu, nne nne nane."
"Na yake?"
"Nane tatu mbili."

Kisu kikasimama.
Ganda lililokuwa likining'inia lilikatika lenyewe.
"Kesho," akasema, "nipeleke dukani kwake.
Nina neno la kumwambia.
Na deni la chupa tatu nyingine."
Kisha, bila kuinua macho,
akanisogezea kisu cha pili.